Mkono Wangu Kwenye Tundu la Ndiva

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa kijijini Mamba wananitania kwamba ukuta wa jiko letu umeshachukua umbo la mgongo wangu. Kwa hiyo siku niliyoshuka mjini Same nikarudi na kisu cha kukunja, nilikitangaza kama mtu aliyerudi na gari.

"Kina loki," niliwaambia wote. Muuzaji alinionyesha mwenyewe. Ukikikunjua, kibamba cha chuma kilichomo ndani ya mpini kinaruka, kachi, kinakaa nyuma ya bapa, na bapa halirudi mpaka ukisukume kibamba hicho pembeni kwa dole gumba. Akaligonga mezani mara tatu, mgongo chini. Halikurudi. Mimi nina kidato cha nne, fizikia niliisoma, nikaridhika. Onyesho lile nikalirudia mpaka nje ya kanisa, watu wakiwa bado kwenye mnada wa mazao ya sadaka.

Mke wangu peke yake hakuvutiwa. "Changu cha jikoni hakihitaji loki, hakikunjiki," alisema, akaendelea kumenya ndizi.

Ukaja msimu wa kuvuna tangawizi. Mwezi mzima nilikata vikonyo kwa kisu kile, na udongo mbichi wa shambani unanata kama ugali. Ukaingia ndani ya mpini. Ule mlio wa "kachi" ukageuka "tu" mzito. Nilisikia. Lakini mtu aliyegonga kisu mbele ya usharika mzima atamwambia nani kwamba kimelegea?

Basi ikafika zamu yetu ya maji. Ndiva, bwawa letu linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha, lilikuwa limejaa, na maji yalikuwa yetu mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo ni ya jirani. Nilipotoa kizibo, yakatoka kama ya birika. Mizizi ilikuwa imeziba tundu kwa ndani. Mwingine angetafuta mti mrefu. Mimi nilikuwa na kisu chenye loki.

Nikalala kifudifudi chini ya ukuta wa ndiva, nikaingiza mkono wa kulia. Tundu lile ni jembamba katikati, kwa ndani linapanuka. Mkono ulionyooka unapita, ngumi haipiti. Nilipofika penye nafasi nikashika mpini barabara, nikasukuma ncha kwenye mizizi. Loki ikateleza. Bapa likarudi, likanibana vidole vyote vinne.

Kuachia kisu siwezi, makali yamekaa ndani ya nyama. Kutoa mkono siwezi, ni ngumi. Nikivuta, makali yanazama. Na mkono mwingine, ambao ungekikunjua mara moja, uko nje na mimi, hauna kazi. Maji ya baridi yakanitiririkia kwapani. Mwanzoni vidole viliuma sana. Baadaye vikaacha kuuma, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Jirani yetu, mama mtu mzima, akatokea na jembe begani, amewahi zamu yake.

"Shikamoo mama," nikasema, shavu kwenye tope.

"Marahaba, mwanangu. Unasikiliza nini humo?"

"Nimenaswa, mama. Kisu kimenibana vidole."

Akainama. "Kile chenye loki?"

Nikageuza shavu upande wa pili.

"Siku moja umetoka nyumbani," akasema, "na hapo hapo umeshapata pengine pa kukaa."

Lakini alikuwa ameshatupa jembe, anamwita mke wangu kwa sauti ambayo nadhani ilifika bondeni. Mke wangu akaja mbio. Yeye hakucheka, na hilo likanitisha zaidi.

"Vidole vinacheza?"

"Sivisikii."

"Usivute."

"Sijavuta."

"Umevuta, baba watoto. Maji yanayotoka hapa ni mekundu."

Akapanda juu ya ukuta, akaingia ndivani. Sikumwona. Nilisikia tu maji yakigonga ukuta kwa upande wa pili, yeye akivuta pumzi na kuzama. Kisha mkono ukagusa ngumi yangu. Akaibuka.

"Ni mimi huyo," akasema, kana kwamba humo ndani mna wanawake wengi. "Nikikushika tena, sukuma ngumi uje kwangu. Nikikuminya, achia."

Mwili mzima ulitaka kuvuta. Nikasukuma. Nikasikia kucha zake zikitafuta mgongo wa bapa, zikateleza, zikatafuta tena. Bapa likainuka. Akaniminya. Nikaachia, mkono ukatoka, na maji yakaufuata yakanipiga usoni, maana aliing'oa na mizizi.

Jirani alinifunga kwa kilemba chake. Saa sita ilipofika akafungulia maji kwenda shambani kwake, na haki ni yake. Zahanati walinishona vidole vyote vinne. Vitatu vinakunjika kama zamani. Cha kati kimegoma.

Jioni mke wangu alikiosha kisu, akakikunjua karibu na sikio lake. Tu. Akasukuma ncha kwenye nguzo ya mlango, taratibu sana. Kikajikunja.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Wiki mbili."

Alinitazama mpaka nikaangalia pembeni. Halafu akaingia jikoni, akatoka na kisu chake na beseni la ndizi, akaviweka upande wangu wa kushoto. Nilimenya mpaka ya mwisho.