Nilipoongea na Tumbo Langu

Tangu mke wangu afariki, tumbo hunisokota kila nikila. Daktari mmoja hapa Nyeri alinieleza kwamba kuna neva ndefu inayotoka ubongoni na kuungana na seli za neva za utumbo, kwa hivyo huzuni ya kichwani hushuka hadi huko.

"Usikule peke yako, mzee," aliniambia. "Ongea na mtu."

Mtu gani? Kwa akili zangu hizi, nikaamua kuongea na tumbo lenyewe. Jana mchana nilijificha kwenye stoo ya ofisi na githeri yangu ya mahindi na maharagwe, nikaliambia, "Pole pole, mpenzi. Niko hapa."

Mlango ukafunguliwa. Wanjiru wa mapokezi aliingia na kikombe cha chai.

"Tumesikia uko na mgeni," alisema, akiangalia huku na huku. "Ako wapi?"