Binti Yangu Anarekodi Great Barr

Kwa miaka mingi, mtu yeyote wa kwaya yetu aliyetaka kurekodi wimbo alikuja kwangu. Chumba changu cha juu, hapa mtaa wa Handsworth, Birmingham, kina dirisha linalotazama barabara ya mabasi, kwa hiyo tulikuwa tunaning'iniza mablanketi dirishani na kuimba huku jasho likitutoka. Kompyuta ilikuwa kuukuu, na programu ya kurekodi kuukuu zaidi, lakini nilijua inakwama wapi na inabembelezwaje. Watu waliniita prodyuza kwa utani. Nililikataa jina hilo jinsi mtu anavyokataa sahani ya pili ya pilau.

Rafiki yangu mmoja wa kwaya, mama kutoka Bukavu anayeishi mtaa wa Great Barr, alijifunza kurekodi kwenye kompyuta hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyemwonyesha. Baadaye kaka yake alimnunulia kompyuta mpya, na ndani yake akaweka toleo jipya kabisa la programu ile ile. Haukupita muda, kiongozi wa kwaya akatangaza kwamba nyimbo za Krismasi zitarekodiwa Great Barr, "kwa sababu huko sauti inatoka safi." Nilipiga makofi pamoja na wengine. Nadhani nilipiga kwa nguvu kuwashinda wote.

Hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni lilikuwa la binti yangu.

Ana miaka kumi na sita na amezaliwa hapa Birmingham. Kiswahili anakielewa chote, hasa nikiwa namsema kwenye simu, lakini hujibu kwa Kiingereza. Alipokuwa mdogo aliimba nami chumbani kule juu, kisha akaacha, na mimi nikajiambia ni ujana. Basi Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa tumesimama na vikombe vya chai, mama mmoja akanishika mkono.

"Hongera kwa wimbo wa binti yako! Nimeusikiliza mpaka nikalia."

"Wimbo gani?" nilitaka kuuliza. Lakini alikuwa ameshatoa simu. Nikasikia gitaa, kisha sauti ninayoijua tangu ilipokuwa kilio cha mtoto mchanga. Alikuwa anaimba kwa Kiswahili. Si kibwagizo tu, wimbo mzima, na maneno alikuwa anayatamka kwa lafudhi ya Bukavu, ile ile ya rafiki yangu wa Great Barr.

"Ah, huo," nikasema. "Bado haujakamilika."

Nilipofika nyumbani sikuvua hata koti. Nilipanda juu, nikawasha kompyuta, na lile dirisha dogo la kunikumbusha kwamba kuna toleo jipya likajitokeza kama kawaida. Miaka yote nilikuwa nalifunga bila kulisoma. Safari hii nililisoma. Ili kuweka toleo jipya ilibidi kwanza kuiapdeti kompyuta yote, na onyo lilisema kazi za zamani huenda zisifunguke. Nikampigia rafiki yangu simu. Sikumtajia wimbo. Nilimuuliza tu kuhusu programu, kwa sauti ya mtu asiye na neno.

"Usibadilishe, dada," alisema papo hapo. "Mimi nilibadilisha ile laptopu yangu ya kwanza, ya mbele ya hii ya kaka. Nyimbo zetu za kule kambi ya wakimbizi zote zilikatala kufunguka. Sauti ya mama yangu ilikuwa mule. Wewe uko na kwaya yote mule ndani. Acha tu."

Mtu mwenye moyo mtulivu angesikia uchungu katika maneno hayo. Mimi nilisikia kwamba anataka kubaki peke yake na kitu kizuri. Nilimshukuru, nikakata simu, nikapeleka kishale kwenye kitufe.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani.

"Nikiweka hii mpya," nikamuuliza, "utarekodi hapa?"

Angejibu haraka ningeumia kidogo. Lakini alifikiri, akalitafakari swali kwa heshima kabisa, kisha akatikisa kichwa.

"Kwa nini? Anti ana nini?"

Akanijibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba nikisikiliza huwa nasubiri kosa. Kwamba uso wangu hubadilika kabla hajamaliza mstari, na akishauona, sauti inamfia. Anti humwacha aimbe mpaka mwisho, hata akiharibu, kisha wanacheka na kuanza tena.

Nilitaka kubisha. Nikahisi uso wangu umeshaanza kubadilika. Nikageukia kompyuta na kulifunga lile dirisha.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba anipeleke. Tulipanda basi hadi Great Barr, yeye na hedifoni zake, mimi na mandazi ili nisiingie mikono mitupu. Rafiki yangu alinikumbatia mlangoni. Chumba chake kilikuwa nadhifu, na kwenye skrini kila sauti ilikuwa na rangi yake. Nilitafuta kasoro kwa bidii, na nikaipata: mvumo hafifu wa magari ya barabara kuu. Nikautaja. Akabonyeza mahali pamoja na mvumo ukatoweka. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa.

"Mutoto wako iko na sauti, dada," akasema. "Lakini hapa katikati tunakosa sauti ya pili. Mimi siiwezi. Ni ya juu sana kwangu. Ingia."

Binti yangu ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Nilisimama mbele ya maiki, nikaimba chini kidogo ya sauti yake, ile waliyokwisha kuirekodi, na mara ya kwanza nilikosea vibaya sana. Nikaacha kuimba, nikingoja kulaumiwa. Binti yangu hakunikatiza. Muziki uliendelea kwenda, nami nikalazimika kuufuata, nikaudaka kwenye ubeti wa pili.

Tulipousikiliza, sauti zetu mbili zilikaa vizuri. Rafiki yangu alipiga vigelegele. Nilifurahi, tena sana. Lakini wakati wa kuondoka binti yangu alimlalia begani na kumwambia, "Asante, anti, tutaonana," kwa Kiswahili kilichonyooka, na wivu ukanirudia, mpya kabisa.

Programu yangu sikuibadilisha. Nyimbo za kwaya bado zinafunguka, pamoja na sauti za watu wawili ambao hatunao tena. Rafiki yangu huja wakati mwingine kuzisikiliza. Binti yangu anaendelea kwenda Great Barr. Nikitoka zamu mapema kazini kwangu, kule Harborne, namtumia ujumbe kuuliza kama wananihitaji. Mara nyingi hunijibu kwamba hapana, Mum, leo tuko sawa.