Kiatu Chenye Dirisha

Miaka ile ya themanini, msichana wa Malindi bila viatu vya ncha hakuwa msichana. Nami nikavivaa, kinundu cha kidole gumba cha mguu kikiwaka moto. Nilikata tundu ubavuni mwa kiatu kwa wembe, buibui likanisitiri.

Siku ya maulidi kwa kina mchumba wangu, tulivua viatu mlangoni. Nikatumwa maji uani, nikatia miguu kwenye makubadhi ya ngozi yaliyokuwa karibu, kama tulivyozoea kuazimana. Mapana, laini! Raha ile naikumbuka hadi leo.

“Kiatu hiki chenye dirisha cha nani?”

Mama wa mchumba wangu alisimama pekupeku, amekiinua juu, wanawake hoi kwa kicheko.

“Changu, mama.”

Akatazama miguu yangu. Nikatazama yake: kinundu kikubwa kuliko changu.

“Hayo makubadhi yangu yavae tu, mwanangu,” akasema. “Mimi nijaribu hiki cha dirisha.”