Mstari Mwekundu wa Maeng Bongnye

Maeng Bongnye hakwenda kwenye yale makumbusho kustarehe. Alikwenda kugombana, na asubuhi ile hata chai haikupita.

Ana miaka sabini na mmoja, muuza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, sokoni, vidole vimebabuka kwa chumvi na pilipili. Kazaa wanne, kazika mume, na hajatokea mteja wa kumpunja akaondoka anacheka. Ila jambo moja lilimkaa kooni tangu utotoni: cheti cha kutokosa shule hata siku moja kwa miaka sita. Sekondari alijua hapelekwi, msichana wa nyumba ile. Cheti hicho ndicho kingekuwa chake. Akaenda shule na surua, akaenda na majipu. Darasa la sita, mwezi wa saba, mto ukafurika. Akazunguka mlima mzima, akafika saa sita mchana, nguo zinachuruzika maji. Mwalimu Pyo akamtazama mlangoni. "Nimeshaandika hayupo. Wino umekauka." Basi, ikawa ndiyo hivyo.

Juzi shoga yake Deoksim kamletea habari. Shule yao ilifungwa kwa kukosa watoto, ikageuzwa makumbusho ya elimu ya zamani, na daftari la mahudhurio la darasa lao limewekwa kwenye kabati la kioo. Anayetembeza wageni ni Pyo mwenyewe, mstaafu, anajitolea.

Walimkuta kazungukwa na wageni kumi hivi, anameremeta kama bwana harusi.

"Wanafunzi wangu, mvua inyeshe, theluji ianguke, walikuja!"

"Na waliokuja ukawaandika hawapo!" Bongnye akapaza sauti. "Fungua kabati. Futa ule mstari wangu wa 'hayupo'."

"Wewe ni nani, mama?"

Loo! Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

"Namba arobaini na tatu. Maeng Bongnye. Yule uliyemwambia wino umekauka."

Mzee akainamia kioo. Mstari upo, mwekundu, mmoja peke yake mbele ya jina lile.

"Mwanangu, hiki sasa ni kitu cha makumbusho. Hakiguswi."

"Mwanao nani? Wanangu mimi niliwapeleka shule na homa kwa sababu yako!"

Deoksim akamvuta mkono. "Shoga, twende. Watu wanatazama."

"Watazame! Si ndicho walichokuja kufanya?"

Pyo akajikohoza, kisha uso ukamng'aa. Kapata ujanja. Akawakalisha wageni kwenye vile vidawati, akasimama mbele ya ubao, akavuta ile sauti yake ya zamani ya kuita majina.

"Maeng Bongnye!"

Wageni wakatabasamu. Bibi mmoja alishaanza kufuta machozi, na kijana kanyanyua simu arekodi. Wote wanamngoja Bongnye aitikie, "Nipo, Mwalimu," wapige makofi, wakale tambi zao za mchana kwa raha. Pyo naye anangoja, kidevu juu. Neno la "nimekosa" hakulitamka, na wala hakuwa na nia.

Kibaya zaidi, jibu lilishampanda Bongnye hadi kwenye meno. Alisubiri kulitoa miaka hamsini na tisa. Akajichukia kwa kulitaka, na kwa hilo akazidi kumchukia mzee yule mara mbili.

"Maeng Bongnye!" Pyo akarudia, sasa kwa kubembeleza.

"Hayupo," akasema Bongnye. "Alikuja, ukamkataa. Haya, chukua kalamu uandike."