Faili Lililofungwa kwa Karamu

Jumapili, saa tisa alasiri, dukani hakuna mteja, nilikaa kwenye kompyuta ya steshenari ya shangazi hapa Kasulu nikafunga shajara yangu. Kompyuta ni hiyo moja, kila mtu anaishika. Kaka, mtoto wa shangazi, alishaisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuja kutoa kopi. Tena alisoma pale nilipomwandika mvulana mmoja wa darasani. Nilitamani nirudi kwetu Kibondo kwa miguu.

Mwalimu wa kompyuta shuleni ndiye aliyetuwekea kwenye flashi ukurasa wa kufungia mafaili. Unaufungua kwa kivinjari hata kama bando limekata, unachagua faili, unaandika neno la siri, maneno yako yanageuka herufi za ovyo. Alituonya kwamba ukilisahau neno, hata yeye hakusaidii.

Nikaweka sentensi ambayo siwezi kuisahau: nimesahau karamu yangu nyumbani. Ndivyo nilivyomwambia mwalimu siku ya kwanza kidato cha kwanza. Mdomoni mwangu r na l hazijawahi kuelewana. Mpaka leo darasani wanaulizana pilau ya karamu yangu imeiva lini.

Nikafuta faili la wazi, nikaliondoa hata kwenye pipa la taka la kompyuta.

Jioni kaka akakaa pale, akalifungua lililobaki.

"Mdogo wangu, umehamia Kichina?"

"Nimefunga."

Akajaribu jina langu, akajaribu jina la mama. Yakakataa.

"Haya, nitajie basi, kama unajiamini."

Sijui ujasiri niliutoa wapi, mimi ambaye hata nauli huwa naidai kwa kunong'ona. Nikamtajia yote, neno kwa neno. Kaka amezoea kuninyooshea Kiswahili, hata hafikirii. Nikaona kidole chake kinabonyeza l. Kalamu.

Ukurasa ukakataa. Akarudia, l ileile.

"Unanidanganya wewe."

"Sijadanganya, kaka. Husikilizi tu."

Akanyanyuka anacheka, ila kicheko cha mtu aliyeshindwa.

Asubuhi, kabla ya shule, nililifungua mwenyewe. Lilikuwa zima, na yule mvulana yumo. Nikabadilisha sentensi, maana kaka si mjinga, usiku mmoja unamtosha. Kisha nikaenda kaunta, wateja wamejaa, nikamwambia shangazi kwa sauti ya kusikika, "Shangazi, naomba karamu ya bluu." Akanipa.