Kamba Juu ya Ukuta

Andongwisye alivunjika bega mwezi wa tatu, akiteremka na mkungu wa ndizi kwenye utelezi wa shamba lake hapa Masoko. Mimi ndiye niliyempakia kwenye bodaboda kumpeleka hospitali Tukuyu, kwa hiyo nasimulia ninachokijua. Kilichobaki aliniambia mwenyewe baadaye, akitazama pembeni.

Wiki sita mkono ulining'inia kwenye kitambaa shingoni. Kilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga lakini mkono haukupanda. Aika, binti aliyetoka Moshi anayefanyisha watu mazoezi ya viungo kliniki huko, alimweleza wazi: asipounyoosha kila siku, na mtu wa kuuvuta, bega litakauka hivyo hivyo na jembe ataliona kwa macho tu.

"Nyumbani nani atakusaidia, baba?"

"Mama watoto," akajibu.

Mama watoto tulimzika miaka minne iliyopita. Nyumbani mle alikuwepo Tulia peke yake, mke wa mwanawe Ackson aliyeko kazini Mbeya. Na kwetu mzee na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso, achilia mbali kushikana mkono. Tulia akimsikia anakuja, huacha njia na kuingia migombani. Chakula hukiweka mezani akatoka, ndipo mzee aingie. Wapo wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati. Andongwisye si mmoja wao, wala Tulia. Sasa mzee angeanzaje kumweleza mgeni yote hayo, watu wamejaa mlangoni? Aliona aibu kusema hana mtu, akamtaja marehemu. Aika akaandika kwenye karatasi ya mazoezi kwamba msaidizi ni mke.

Aliporudi kliniki alisema wanafanya asubuhi na jioni. Aika akaushika mkono, ukagoma usawa wa kifua. "Safari ijayo njoo na mama, nimwelekeze." Hapo mzee akaacha kabisa kwenda.

Mwezi wa sita tulikuwa na msiba. Wanaume tulichimba kaburi kwa zamu, yeye akasimama kando na mkono wake kama mgeni. Mjinga mmoja akamtania kwamba siku hizi amehamia upande wa akina mama. Mjinga huyo ni mimi, na mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Wiki hiyo Tulia akifua shati lake alikuta ile karatasi mfukoni, akaisoma yote. Kesho yake mzee alikuta kamba imepitishwa juu ya ukuta wa chumba chake. Nyumba zetu nyingi hazina dari, kuta za vyumba zinaishia kabla ya bati. Ncha ya upande wake ilikuwa na kitanzi, nyingine ilikuwa chumba cha pili. Akavaa kitanzi mkononi, akakohoa. Kamba ikavutwa polepole, mkono ukaanza kupanda, na sauti ikahesabu ng'ambo ya ukuta. Walipofika sita mzee alilia kwa maumivu, kamba ikalegezwa. Aliona haya mke wa mwanawe kumsikia akilia, lakini jioni alikohoa tena. Walifanya hivyo miezi miwili, na hawakuonana hata mara moja.

Ackson aliposikia mkono unapanda, alipiga simu akamwagiza mkewe amsindikize baba kliniki. Wakaenda kwa bodaboda mbili. Mzee alijipa moyo kwamba Aika, kwa wagonjwa wote wale, atakuwa amesahau.

Nami nilikuwepo kwenye benchi na goti langu. Tulia alikaa mwisho kabisa, kitenge kichwani, amempa mgongo mkwewe na kushika faili lake. Aika alitoka, akaliona faili.

"Kumbe leo umekuja na mama. Hongera, mama, mzee umemlea."

Mtu mmoja akacheka, akasema mzee kaoa binti. Sisi wa Masoko tulikufa ganzi. Tulia aliinamisha uso na hakukanusha. Alikuwa ameisoma ile karatasi, alijua uongo ulikotoka, na alikuwa tayari kuitwa mke wa baba wa mumewe mbele za watu kuliko kumwumbua.

Andongwisye akasimama.

"Huyo ni mke wa mwanangu," alisema. "Mama watoto alishafariki, zamani. Nilikudanganya tangu siku ya kwanza, mwanangu. Yeye hana kosa. Kosa ni langu."

Machozi yakamtoka, mzee mzima, akajishika kichwa.

Aika alifungua mdomo kuomba radhi, kisha macho yake yakatua kwenye mikono ya mzee.

"Baba," akasema taratibu, "umeinua mikono yote miwili."