Baa ya Maziwa

Nimefundisha hisabati Garissa kwa miaka sita, na ulevi kwa wiki mbili. Hisabati niliisomea. Ulevi nilipewa kwa sababu ya dini yangu.

Aliyenipa kazi hiyo alikuwa mzazi wa wasichana wawili wa darasa langu, mfanyabiashara wa ngamia, mtu mcheshi anayepaka ndevu zake hina. Alikuwa amepeleka mifugo Nairobi, mteja wake akamkaribisha kwenye gastropabu, yaani baa ya kifahari ya siku hizi ambamo chakula kinapewa heshima kuliko bia. Yeye alikunywa maji. Lakini alipenda kila alichokiona: viti virefu, taa za kuning'inia, ubao wa chaki wenye chakula cha leo, mabomba ya shaba juu ya kaunta. Alipiga picha mpaka simu ikajaa. Aliporudi alimkabidhi fundi simu hiyo, akamwambia ajenge vile vile, aondoe pombe tu.

Fundi alitii kupita kiasi. Kwenye picha mabomba yalikuwa matatu, naye akaweka matatu. La kwanza lilitoa maziwa mabichi ya ngamia, la pili lilitoa susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, na la tatu halijatoa kitu mpaka leo. Mlangoni aliandika kwamba walio chini ya miaka kumi na minane hawaruhusiwi, kama ilivyoandikwa Nairobi, na hilo likawa jengo pekee mjini ambamo mtoto alinyimwa maziwa. Saa ya furaha, ambapo kila kinywaji huja na kingine cha bure, ilianza saa kumi na mbili jioni. Adhana ya magharibi iliingia katikati yake kila siku, na furaha yote ikahamia msikitini.

Chakula nacho kilikuja na matatizo yake. Kilikuwa vipande vitatu vya nyama ya ngamia na ndizi moja, juu ya kibao. Wateja walikula, wakashukuru, wakauliza sinia liko wapi. Huku watu hula pamoja, mikono mingi sinia moja, na kumpa mtu kibao chake peke yake ni kama kumwambia ana ugonjwa. Mwenye baa hakutaka kuacha vibao, wala hakutaka kuudhi watu, basi akaagiza kibao cha watu wanane. Fundi alileta mlango. Ulikuwa mlango kweli, umepigwa msasa na kupakwa mafuta, na pale penye tundu la kitasa alikuwa amepachika bakuli la pilipili. Nimekula juu ya mlango huo mara nyingi na sina malalamiko.

Hata hivyo mwenyewe hakuridhika. Alinifuata shuleni wakati wa mapumziko, akanieleza kwa lafudhi yake ya Kisomali, inayogeuza p kuwa b.

"Mwalimu, kila kitu iko. Viti iko, taa iko. Lakini watu wanakaa kama wanangoja daktari. Kule Nairobi walikuwa wanacheka, wanashikana mabega, wanabiga meza. Wewe ni mtu wa down Kenya, tena Mkristo. Fundisha watu yangu."

Down Kenya, kwa watu wa huku, ni kote kuliko ng'ambo ya daraja la Tana. Nikamwambia sijawahi kuonja pombe maishani mwangu.

"Wallahi?" Alinitazama kwa huruma. "Hata kidogo?"

"Hata tone."

"Lakini umeona."

Hapo alinipata. Nilikuwa nimeona. Nilipokuwa msichana mdogo mama alikuwa akinituma kila jioni nikamwite baba baani. Sikuruhusiwa kuingia, kwa hiyo nilisimama mlangoni na kuita, "Baba, twende nyumbani." Naye alijibu bila kugeuka, "Ngoja nimalize hii." Hakuwahi kuimaliza, kwa sababu kila alipotaka kuinuka wenzake walipaza sauti, "Moja ya mwisho!" naye akaketi tena. Nilirudi peke yangu, nikamdanganya mama kwamba yuko njiani.

Basi niliwafundisha wahudumu na wateja wa kila siku yale niliyoyaona kutoka mlangoni. Kupiga meza kwa kiganja. Kuegemea kaunta kwa kiwiko. Kumwita mhudumu kwa mluzi wa vidole viwili, ambao ulikuwa mluzi wa baba kabisa. Kumshika mwenzako bega na kumweleza jambo ambalo umeshamweleza. Na mtu yeyote akiinuka, baa nzima ipaaze sauti, moja ya mwisho! Wazee wa soko la mifugo walirekodi masomo yangu kwenye simu na kuyarudia nyumbani. Nilicheka sana wiki zile mbili, na nakiri kwamba kicheko hicho kilikuwa na uchungu ndani yake. Nilikuwa nalipiza.

Kisha baba akapiga simu kwamba anakuja kunitembelea.

Baba alikuwa ameacha pombe kwa miaka tisa. Hakumwambia mtu, aliacha tu asubuhi moja, akabaki mtu mkimya anayeogopa harusi. Barabara yenye baa hakuipita, aliizunguka. Nasi nyumbani hatukuwahi kulizungumza, tuliogopa kulitikisa. Sasa mzee huyu alikuwa anakuja kwenye mji ambamo binti yake amejaza baa nzima kwa sauti za ulevi wake wa zamani. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba miaka tisa ya baba ingevunjwa na mimi.

Nilifikiria kumfungia nyumbani siku zote tatu. Lakini mgeni wa mwalimu hapa ni mgeni wa wazazi wote, na kabla basi halijavuka daraja mwenye baa alikuwa amepata habari. "Mzee wetu atakula kwangu," alisema, na halikuwa ombi. Kukataa kungekuwa tusi. Nilitaka kumweleza habari za baba, aibu ikanizuia.

"Ni hoteli ya maziwa," nilimwambia baba tulipokuwa tukienda, jua la alasiri likituchoma visogo.

Alipoiona kaunta, na mabomba, na magi za kioo zenye povu, alisimama akashika fremu ya mlango. Hapo palikuwa na mlinzi mrefu. Kwenye picha za Nairobi palikuwa na mtu mrefu mlangoni, na kwa kuwa hakuna aliyejua kazi yake, huyu wetu alipewa ya kunusa vinywa, asije mlevi akaichafulia baa jina.

"Toa bumzi, mzee," alisema.

Baba alifumba macho akapumua. Hakuuliza kwa nini. Mama alimpima hivyo hivyo mlangoni petu miaka yote ya utoto wangu.

"Safi!" mlinzi alitangaza, baa nzima ikasikia.

Baba akafumbua macho. "Umesemaje?"

"Safi, mzee. Safi kabisa."

"Sema tena."

Mlinzi, mtu wa subira, akasema tena.

Mwenye baa alimkumbatia, akamwita abo, yaani baba, akampandisha kwenye kiti kirefu na kumwekea magi ya susa. Baba aliinusa kwa muda mrefu, akaonja. "Haya ni maziwa," aliniambia. Akaonja tena, nami nikageuza uso.

Tulikula juu ya mlango pamoja na wazee sita wa soko la mifugo, na wazee wale walitaka kuniletea sifa mbele ya baba yangu. Walipiga meza. Walipiga mluzi. Mmoja alimshika baba bega akamweleza habari za fahali wake aliyepotea upande wa Hadado, kisha akamweleza upya tangu mwanzo, kwa uaminifu mkubwa, kama nilivyomfundisha. Baba alitafuna polepole akiwatazama mmoja mmoja. Mwishowe akainuka kwenda kunawa mikono.

"Moja ya mwisho!" baa nzima ilinguruma.

Baba aliganda. "Hawa wamejifunza wapi mambo haya?"

"Kwa mwalimu!" alisema mwenye baa kwa fahari, akinionyesha kwa ndizi. "Binti yako alifundisha sisi yote. Hata kubiga mluzi."

Baba alitazama mlangoni, chini kidogo, kimo cha mtoto. Kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ulikuwa unaona yote," alisema.

"Ndiyo, baba."

Nilijua kantini ya polisi haiko mbali, na kwamba kule mabomba hayatoi maziwa. Nilidhani atatoka aende huko, na ningestahili. Badala yake alipanda tena kiti chake cha kaunta, akaomba nyingine.

"Abo, bolebole," mwenye baa alimwonya. "Maziwa ya ngamia kwa mgeni, tumbo inakimbia."

Baba akasema ameshakimbiwa na makubwa kuliko tumbo.

Ndipo adhana ikalia. Wote waliinuka mara moja, wazee, wahudumu, mwenye baa na mlinzi wake, wakaacha magi zikiwa nusu. Baa nzima ikabaki na Wakristo wawili na mlango uliojaa maganda ya ndizi. Nilikwenda kutafuta hewa, na nilipotanabahi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, bega kwenye fremu. Maneno yalinitoka yenyewe, kwa sauti ndogo.

"Baba, twende nyumbani."

"Ngoja nimalize hii," alisema bila kugeuka.

Nikajiandaa kurudi peke yangu, kama zamani. Lakini hapakuwa na mtu wa kupaza sauti. Baba aliinua magi, akanywa mpaka mwisho, akaigeuza juu chini kwenye kaunta ili nione kwamba haina kitu. Aliteremka kitini kwa uangalifu, akafuta povu kwenye masharubu, akatembea moja kwa moja mpaka nilipokuwa.

"Nimemaliza," alisema.

Akanishika mkono, mimi mwenye miaka thelathini na minne, tukaenda nyumbani.